Kisa cha Calvin Johnson: kutundika daluga ukiwa na miaka 30 na mkataba mkononi

Machi 8, 2016, Calvin Johnson, mpokeaji wa Detroit Lions, timu ya futiboli ya Kimarekani, alitangaza rasmi kwamba hachezi tena. Alikuwa na umri wa miaka 30. Katika msimu uliokuwa umetoka kumalizika alidaka pasi 88, akakusanya yadi 1,214 na tachidauni 9 (mabao ya kuufikisha mpira eneo la goli la mpinzani), na hakukosa mechi hata moja. Mkataba wake ulikuwa umebakiza misimu minne, na mshahara wa msimu wa 2016 peke yake ulikaribia dola milioni 16. Klabu haikumtimua, na hakuna kijana aliyekuwa amemnyang'anya namba.

Maelezo yaliyozoeleka ni mawili: mwili ulichoka, na moyo ulichoka kufungwa. Yote ni kweli, lakini hayatoshi, kwa kuwa NFL, ligi kuu ya futiboli hiyo, imejaa wachezaji waliochoka mwili na moyo ambao Septemba ikifika wapo uwanjani. Ukitaka kuelewa kilichomtoa Johnson, soma mkataba wake sambamba na ripoti zake za majeraha. Fedha zilivyopangwa ndizo zilizompa nafasi ya kuondoka bila kuumia mfukoni. Mkataba huohuo ndio uliomfungia mlango wa kwenda timu nyingine.

Kazi ya mpokeaji, na kwa nini umbo lake lilikuwa gharama

Kwa aliyezoea soka: katika futiboli ya Kimarekani, kwotabeki ndiye mrusha pasi, na mpokeaji wa pembeni husimama karibu na mstari wa kando akisubiri mchezo uanze. Mpira ukianza, hakimbii anakotaka. Kuna njia zilizopangwa, na katika timu nyingi zina namba: nyingine hukata ndani baada ya hatua tatu, nyingine hufika yadi 12 na kurudi nyuma, na ile ya 9 ni mbio za moja kwa moja kuelekea goli. Kwotabeki mara nyingi huachia mpira kabla mpokeaji hajageuka, kwa hiyo ukichelewa hatua moja pasi inaokotwa na mpinzani.

Beki anaruhusiwa kumsukuma mpokeaji ndani ya yadi 5 za kwanza tu. Akiendelea baada ya hapo ni faulo. Zile yadi 5, kama mita nne na nusu, ni vita ya mikono. Wapokeaji wadogo huponyoka kwa kuchezesha miguu. Johnson alikuwa na urefu wa sentimita 196 na uzito wa karibu kilo 107, akapita kwa kifua. Halafu alikuwa na mbio: kwenye majaribio ya kabla ya drafti ya 2007, ambapo klabu huchagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni, alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.35, muda ambao kwa kawaida ni wa watu wenye kilo 80 na kitu. Mabeki waliolingana naye kasi walimfika begani, na waliolingana naye umbo hawakumfikia.

Mtu wa namna hiyo harushiwi mipira ya kawaida. Anarushiwa mipira ya juu, pale ambapo mkono wake peke yake unafika, hata akiwa amezungukwa. Oktoba 2, 2011, dhidi ya Dallas, kwotabeki Matthew Stafford aliurusha mpira katikati ya mabeki watatu ndani ya eneo la goli, na Johnson akaruka akauchukua juu ya vichwa vyao. Kwa mpokeaji mwingine, kocha angemweka Stafford benchi kwa pasi ile. Kwa Johnson ilikuwa pasi ya kawaida kabisa.

Sasa tazama mpira huo kwa jicho la daktari wa timu. Mikono iko juu, kwa hiyo mbavu ziko wazi. Macho yanafuata mpira, kwa hiyo hajui atatua wapi wala juu ya mguu wa nani. Kilo 107 zinashuka kwenye kifundo kimoja, na wakati huohuo beki anamgonga kiunoni. Pasi za juu zilizomfanya awe Megatron, jina alilobandikwa na mchezaji mwenzake Roy Williams, ndizo zilizokuwa zikimla.

Miaka tisa kwenye timu isiyoshinda

Detroit walimchukua wa pili kwenye drafti ya 2007, kutoka chuo cha Georgia Tech. Wa kwanza, JaMarcus Russell, alidumu misimu mitatu tu kwenye ligi, kwa hiyo kwa upande wa kuchagua Lions hawakukosea. Walikosea karibu kila kitu kingine. Mwaka 2008 walipoteza mechi zote 16, timu ya kwanza kufanya hivyo tangu ligi ianze kucheza mechi 16, na ndani ya aibu hiyo Johnson alifunga tachidauni 12, akiwa sawa na anayeongoza kati ya wapokeaji wote.

Hapo pana jambo ambalo mashabiki wapya hulikosa. Mpokeaji, hata awe bora kiasi gani, huugusa mpira mara tano hadi nane katika mechi yenye michezo zaidi ya 60 ya mashambulizi. Hawezi kuibeba timu kama kwotabeki. Katika misimu tisa ya Johnson, Lions walishinda mechi 54 na kupoteza 90. Walifika mchujo mara mbili, na mara zote mbili walitoka kwenye mechi ya kwanza: Januari 2012 huko New Orleans walifungwa 45–28 ingawa Johnson alidaka pasi 12 kwa yadi 211 na tachidauni 2, na Januari 2015 huko Dallas walifungwa 24–20.

Chicago, Septemba 12, 2010

Ni mechi ya kwanza ya msimu. Stafford ameshaumia bega na Shaun Hill yuko mahali pake. Detroit wako nyuma 19–14, mpira uko kwenye yadi ya 25 ya Chicago, na zimebaki sekunde chache. Hill anaupandisha kuelekea kona ya eneo la goli. Johnson anaruka juu ya konabeki (beki wa pembeni) Zack Bowman, anaudaka kwa mikono miwili, anatua kwa mguu mmoja, wa pili, kisha goti na nyonga. Anapojizungusha ili ainuke, mkono wenye mpira unagusa nyasi na mpira unachomoka. Mwamuzi mmoja ameshanyoosha mikono juu kuashiria tachidauni. Waamuzi wanajadiliana, kisha wanatamka kwamba pasi haikukamilika, na marejeo ya video yanathibitisha hivyo.

Kanuni ya wakati huo ilisema mchezaji anayekwenda chini wakati wa kudaka lazima aumiliki mpira mpaka tendo lote la kudaka liishe. Kwa maandishi, waamuzi walikuwa sahihi. Kwa macho ya kila aliyetazama, ilikuwa tachidauni. Uamuzi wa aina hiyo ulimwangukia tena Dez Bryant wa Dallas Januari 2015, na mwamuzi mkuu alikuwa yuleyule, Gene Steratore. Ligi iliiandika upya kanuni hiyo mwaka 2018: umiliki, miguu miwili au kiungo kingine ndani ya uwanja, kisha tendo la kimchezo kama hatua ya tatu au kuunyoosha mpira mbele. Johnson alikuwa amestaafu miaka miwili kabla. Kanuni ya zamani bado inaitwa kwa jina lake, heshima ambayo hakuna mpokeaji angeiomba.

Tunalitaja tukio hili kwa sababu linaonyesha kilichokuwa kikitakiwa kwake. Hakutakiwa kudaka tu. Alitakiwa kudaka juu ya mtu, aanguke vibaya, na aukumbatie mpira wakati mwili unajipigiza chini.

Yadi 1,964

Msimu wa 2012 ndio uliomwingiza kwenye vitabu. Rekodi ya yadi za kudaka kwa msimu mmoja ilikuwa 1,848, ya Jerry Rice tangu 1995. Johnson aliipita Desemba 22 dhidi ya Atlanta, katika mechi aliyodaka pasi 11 kwa yadi 225, na akamaliza msimu na pasi 122 kwa yadi 1,964. Mwaka 2021 Cooper Kupp wa Los Angeles Rams alifika 1,947, tena kwa mechi 17, wakati Johnson alicheza 16. Aliyemrushia Kupp ni Stafford yuleyule.

Namba hiyo isomwe kwa uangalifu. Stafford alirusha pasi 727 msimu ule wa 2012, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa na kwotabeki yeyote kabla yake, na zaidi ya 200 kati ya hizo zilielekezwa kwa Johnson. Timu inarusha kiasi hicho kwa sababu iko nyuma kila wiki: Lions walimaliza na ushindi wa mechi 4 na vipigo 12. Na katika yadi zote hizo Johnson alipata tachidauni 5 tu. Mara kadhaa aliangushwa akiwa hatua moja kutoka kwenye mstari wa goli, na wapinzani walipojua mpira uko karibu na goli walimwekea watu wawili, mara nyingine wote wawili wakisimama uso kwa uso naye kabla mchezo haujaanza. Kwa hiyo ule msimu wa rekodi ni pia msimu ambao mtu mmoja alipokea mapigo mengi kuliko mpokeaji yeyote anavyopaswa kupokea, kwa faida ndogo kwenye msimamo wa ligi. Tukiulizwa ni wapi hasa miaka yake ya mwisho iliuzwa, tutauonyesha mwaka huo.

Vidole, goti, kifundo

Jeraha la mpokeaji ambalo watu hulidharau ni la vidole. Mpira wa kwotabeki mwenye mkono mzito kama Stafford ukigonga ncha ya kidole badala ya kiganja, kiungo hutoka mahali pake. Kidole hurudishwa, hufungwa pamoja na jirani yake kwa plasta, na mchezaji hurudi uwanjani dakika hiyohiyo. Baada ya miaka kadhaa kidole hakinyooki tena. Vidole vya Johnson leo vimepinda waziwazi kwa yeyote anayemtazama.

Goti lilimsumbua msimu wa 2013. Hata hivyo, Oktoba 27 mwaka huo alidaka pasi 14 kwa yadi 329 dhidi ya Dallas, zikiwa yadi 7 tu pungufu ya rekodi ya mechi moja, ile ya 336 ya Flipper Anderson ya mwaka 1989. Anderson alihitaji muda wa nyongeza. Johnson aliimaliza kazi ndani ya dakika 60. Msimu ulipoisha alifanyiwa upasuaji wa goti na wa kidole.

Mwaka 2014 ikawa zamu ya kifundo, akakosa mechi tatu. Kwa mpokeaji, kifundo ni kibaya kuliko kinavyosikika. Kazi yake ni kukimbia kwa kasi yote kisha kusimama ghafla na kukata kona, na breki hiyo yote iko kwenye kifundo. Kikiuma, mchezaji hupunguza mwendo hatua mbili kabla ya kona, beki anaiona dalili, na njia imekufa hata kabla ya pasi. Yadi zake zilishuka kutoka 1,492 hadi 1,077.

Baada ya kustaafu alizungumza hadharani kuhusu mitikisiko ya ubongo aliyopata na wepesi wa kupata dawa za maumivu ndani ya ligi. Msimu wa 2015, ule wa yadi 1,214 ambao kwa karatasi unaonekana mzuri, aliucheza akiwa na maumivu hayo.

Mkataba, namba kwa namba

Mkataba wake wa kwanza, wa 2007, ulikuwa wa miaka sita na dola milioni 64. Enzi hizo wachezaji wapya waliochaguliwa juu walilipwa vinono. Makubaliano mapya kati ya ligi na chama cha wachezaji mwaka 2011 yaliukomesha utaratibu huo. Ilipofika 2012, hesabu ya Johnson kwenye ukomo wa mishahara, yaani kiwango cha juu ambacho klabu inaruhusiwa kutumia kwa wachezaji kwa msimu, ilikuwa imepanda kupita dola milioni 20 kwa msimu mmoja. Lions walihitaji nafuu ya haraka. Machi 2012 wakampa mkataba mpya: miaka minane, dola milioni 132, kati ya hizo milioni 60 zikiwa za uhakika.

Ile milioni 132 ndiyo iliyotangazwa kwenye vichwa vya habari. Ya kuangalia ni 60. Fedha za uhakika hulipwa hata mchezaji akiumia au akiachwa. Zilizobaki ni mshahara wa msimu ambao klabu inaweza kuufuta kwa kumwacha mchezaji kabla haujaanza. Mchezaji kwa upande wake hawezi kuuvunja mkataba. Kufikia 2016 fedha za uhakika zilikuwa zimeshaingia mfukoni, na jumla ya alichovuna tangu 2007 ilikuwa imepita dola milioni 110. Misimu minne iliyobaki ilikuwa ahadi tu, na kila mmoja ungelipwa kwa goti na kifundo.

Upande wa klabu kuna hesabu nyingine. Bonasi ya kusaini hulipwa mapema, lakini kwenye vitabu vya ukomo wa mishahara hugawanywa kwa miaka isiyozidi mitano. Chukua bonasi ya milioni 15 kwa miaka mitano: kila msimu hubeba milioni 3. Mchezaji akistaafu ukiwa umebaki msimu mmoja, klabu ina haki ya kudai ile milioni 3 ambayo haijafanyiwa kazi. Haki hiyo ndiyo iliyozua ugomvi baadaye.

Kama Johnson angecheza 2016, angekula karibu dola milioni 24 za ukomo wa milioni 155. Alipostaafu, karibu milioni 13 za bonasi za zamani zilibaki vitabuni kama deni, na klabu ikaokoa kama milioni 11.

Kwa nini hakuhama

Johnson alikuja kusema kwamba alifungwa na mkataba, na kwamba Detroit walimwambia hawatamwachia. Wengi waliona ni roho mbaya. Tazama hesabu: kumwacha huru kungewaacha na deni lilelile la karibu milioni 13 na kuwaokolea zilezile milioni 11. Kwa ukomo wa mishahara hakukuwa na tofauti. Tofauti ni kwamba mchezaji aliyeachwa anaweza kesho yake kusaini Green Bay au Chicago, wapinzani wa kundi moja na Detroit, na kukutana nawe mara mbili kwa msimu. Aliyestaafu hubaki kwenye orodha ya klabu. Akibadili mawazo baada ya mwaka, bado ni wako, kwa mkataba uleule.

Kumuuza nako kusingekuwa rahisi. Deni lingebaki Detroit, na mnunuzi angerithi mshahara wa karibu milioni 16 kwa mpokeaji wa miaka 30 mwenye kifundo kinachojulikana na ligi nzima. Kwa maoni yetu angepatikana mnunuzi mmoja au wawili, lakini kwa bei ndogo, na uongozi uliokuwa umeingia Detroit majira hayo ya baridi usingependa kuanza kazi kwa kumpeleka nyota wake kwa mwingine.

Kwa hiyo alikuwa na njia mbili tu: kurudi Detroit au kuacha. Alichagua ya pili, na aliifanya kwa ustaarabu ambao haukusifiwa vya kutosha. Mwaka 1999 Barry Sanders, mkimbiaji mkuu wa klabu hiyohiyo, aliaga kwa faksi mwishoni mwa Julai, mazoezi ya msimu yakikaribia kuanza, na soko la wachezaji lilikuwa limeshafungwa kivitendo. Johnson aliwaarifu mapema baada ya msimu, na tangazo lake lilitoka siku moja kabla ya soko la Machi 9 kufunguliwa. Lions waliingia sokoni wakijua wana nafasi kiasi gani, na ndani ya siku chache walimsaini Marvin Jones kutoka Cincinnati kwa miaka mitano na dola milioni 40.

Pamoja na hayo, klabu ilimdai sehemu ya bonasi. Kiasi kinachotajwa zaidi ni takriban dola milioni 1.6. Kisheria walikuwa na haki. Kibiashara ilikuwa akili ndogo: ni kama asilimia moja ya ukomo wa mishahara ya klabu nzima kwa msimu mmoja, na iliwagharimu miaka ya kumkosa mtu aliyekuwa sura ya klabu. Mwaka 2019 Johnson alisema wazi kwamba wakitaka wapatane wairudishe fedha yake. Aliingia kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa futiboli mwaka 2021, mara ya kwanza jina lake lilipostahili kupigiwa kura, na ni Septemba 2024 tu ndipo klabu ilipomuenzi rasmi ndani ya uwanja wa Ford Field.

Uwanjani, msimu wa kwanza bila yeye ulikwenda hivi. Mashambulizi yaliacha kumtafuta mtu mmoja juu ya vichwa. Stafford alizigawa pasi, nyingi zikiwa fupi na za haraka. Golden Tate alidaka 91 kwa yadi 1,077, Marvin Jones akapata 930, na mkongwe Anquan Boldin akafunga tachidauni 8. Lions walishinda mechi 9, wakapoteza 7, na kufika mchujo, ambako Seattle waliwafunga 26–6 kwenye mechi ya kwanza.